Mafuta Yaliyozama: Uchambuzi wa Kisa cha Kukeneka Majani ya Mkarafuu Kisiwani Pemba

Kuhusu kisa hiki

Uchambuzi huu unaeleza jaribio la kikundi cha ushirika cha kisiwani Pemba la kukeneka majani makavu ya mkarafuu, yaani kuyapitishia mvuke na kuupoza, ili kupata mafuta yenye yujenoli kwa wingi, ambayo ndiyo kemikali kuu ya mafuta ya karafuu. Jina la kikundi, shehia kilipo, jina la mnunuzi na la mshauri aliyekisaidia yameondolewa, na maelezo machache ambayo yangeweza kuwatambulisha wahusika yamebadilishwa bila kugusa mambo ya kiufundi. Kisa hiki kimechaguliwa kwa sababu hasara zake nyingi hazikutokana na uhaba wa elimu ya kemia wala wa fedha, bali zilitokana na vipimo: kila mahali kikundi kilipopima kitu kisichokuwa kile kilichotakiwa, hasara iliingia kupitia mahali hapo hapo.

Usuli

Miche ya mikarafuu ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na baada ya dhoruba kubwa ya mwaka 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kuwa shamba kuu la zao hilo mpaka leo. Karafuu yenyewe ni tumba la ua linalochumwa kabla ya kuchanua, likaanikwa juani. Lakini mafuta yenye harufu hayamo katika karafuu peke yake. Karafuu kavu hutoa mafuta yapatayo asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, hutoa asilimia 5 hadi 7, na majani hutoa asilimia 2 hadi 3. Makonyo yamekuwa yakikenekwa Pemba kwa miaka mingi. Majani, kwa upande mwingine, mara nyingi hupukutika na kuoza chini ya mti.

Mafuta ya majani hayana ladha laini kama ya karafuu, ila sehemu kubwa yake ni kemikali ileile, yaani yujenoli, ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya asilimia 70 ya mafuta hayo. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni kemikali nyingine iitwayo kariofilini. Yujenoli huzuia ukuaji wa aina nyingi za vijidudu na hutia ganzi. Madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuzibia jino kwa muda, wafugaji na watafiti wa samaki huitumia kuwalaza samaki wanapowapima, na viwanda vya sabuni, manukato na ladha huinunua kama malighafi. Kwa hiyo wazo la kikundi lilikuwa na msingi. Mkarafuu una tabia ya kujaa mwaka mmoja na kutoa haba miaka inayofuata, ilhali majani huanguka kila mwaka, na kaya nyingi hupita miezi ya ukata kati ya msimu na msimu bila mapato ya shambani.

Wengi wa wanachama walikuwa wanawake, pamoja na vijana wachache. Baadhi yao walikuwa na mikarafuu ya kurithi au ya eka tatu, yaani mashamba yaliyogawiwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine hawakuwa na mti hata mmoja. Jambo hili la mwisho lilionekana dogo wakati wa kuandika katiba ya kikundi, na baadaye likawa zito.

Mambo yalivyofuatana

Kikundi kilianza kwa uangalifu. Biashara ya karafuu na makonyo Zanzibar imo mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa, kwa hiyo viongozi walikwenda kwanza kwa sheha, na sheha akawapeleka kwa maofisa wa kilimo, ili ieleweke tangu mwanzo kwamba kinachokusanywa ni majani tu. Kisha wakanunua mtambo uliotumika, ambao mwenyewe aliwahi kukenekea mchaichai. Ulikuwa tangi la chuma cha kawaida lenye maji chini na wavu juu yake wa kuwekea majani, bomba la kupitisha mvuke, pipa la maji ya kupoza, na mwisho kitenganishi, yaani chombo ambamo mafuta na maji yaliyopoa hujitenga.

Tangazo la kununua majani lilitolewa katika kipindi cha jua kali kabla ya masika, na bei ikawekwa kwa kilo. Katika wiki za mwanzo majani yaliletwa makavu, safi, yakivunjika mkononi. Mvua zilipoanza hali ikabadilika. Magunia yakawa mazito kwa unyevu, mengine yakiwa na mchanga chini, na baada ya muda yakaanza kuonekana matawi yenye majani mabichi yaliyokatwa kwa panga. Mzee mmoja mwenye shamba jirani alifika kwenye banda akiwa na tawi mkononi, akamwambia mwenyekiti, "Bi Mwenyekiti, hili halikuanguka. Hili limeangushwa." Mwenyekiti alimwomba radhi mbele ya wanachama wote, na siku hiyo hiyo ununuzi ukasimamishwa.

Wakati huo huo mtambo nao ulikuwa na matatizo yake. Mkeneko wa kwanza ulitoa maji mengi meupe kama yaliyotiwa maziwa, harufu ikajaa kijiji, lakini mafuta yaliyopatikana juu ya kitenganishi yalikuwa utando mwembamba tu. Wanachama walidhani majani ni dhaifu. Wakaongeza moto, wakaongeza saa, na wakaongeza majani mpaka tangi likajaa hadi mfuniko. Mavuno hayakuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Mafuta machache yaliyopatikana yalikuwa na rangi ya zambarau iliyokaribia weusi, na mnunuzi wa Tanzania Bara aliyepelekewa sampuli aliyakataa bila kuyapima zaidi.

Hapo ndipo mshauri alipoitwa. Alipofika hakuanza na majani wala moto. Aliomba ndoo, akafungua bomba la chini la kitenganishi ambalo kwa kawaida lilimwaga maji mtaroni, akayaacha maji yale yatulie kwenye chupa za kioo usiku kucha. Asubuhi kila chupa ilikuwa na mafuta, na mafuta hayo yalikuwa yamekaa chini.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kubadili kitenganishi, na inafaa kuueleza kwa kirefu kwa sababu ndio uliookoa mradi. Mafuta ya mchaichai ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea, na kitenganishi chake hutengenezwa ili maji yatoke chini na mafuta yakusanywe juu. Yujenoli ni nzito kuliko maji. Mafuta ya majani ya mkarafuu kwa jumla huwa na uzito wa takriban mara 1.04 wa maji ya ujazo uleule, kwa hiyo huzama. Mtambo ulikuwa ukifanya kazi yake sawasawa kama ulivyoundwa: ulikuwa ukitunza kilicho juu na kumwaga kilicho chini, na kilicho chini ndicho kilichokuwa mali.

Kugeuza bomba peke yake hakukutosha. Tofauti ya uzito kati ya mafuta ya mchaichai na maji ni karibu asilimia 10, ilhali kati ya mafuta haya na maji ni kama asilimia 4 tu, na kasi ya tone kupanda au kuzama hufuata tofauti hiyo. Tone la mafuta ya mkarafuu linahitaji muda zaidi ya maradufu, katika maji yasiyotikiswa, ili lifike mahali pake. Kwa sababu hiyo kikundi kilimpa fundi kazi ya kutengeneza chombo kirefu na kikubwa zaidi cha chuma kisichoshika kutu, chenye mdomo wa kuingizia uliozamishwa katikati ili maji yasiporomoke kutoka juu na kuvuruga matone, tundu la mafuta chini, na njia ya maji kufurika juu. Moto nao ukapunguzwa, kwa kuwa mtiririko wa kasi hubeba matone madogo na kutoka nayo.

Uamuzi wa pili ulihusu maji yenyewe. Yujenoli huyeyuka kidogo katika maji, yapata gramu 2 na zaidi kwa lita, na kidogo hicho kikizidishwa kwa mamia ya lita zinazomwagwa huwa si kidogo tena. Mshauri alipendekeza maji yanayofurika kutoka kwenye kitenganishi yarudishwe ndani ya tangi, chini ya wavu, yachemke upya. Wanachama walikubali upesi, kwa sababu walikuwa wakibeba maji kichwani kutoka kisimani, na pendekezo hilo liliwapunguzia safari.

Tatu, kikundi kiliachana na chuma cha kawaida mahali pote ambapo mafuta au mvuke wake ulikuwa ukigusa. Yujenoli ikikutana na chuma chenye kutu hutoa rangi ya zambarau iliyokoza, na rangi hiyo ndiyo iliyomfukuza mnunuzi. Fedha hazikutosha kununua tangi jipya, hivyo walianza na kipoza mvuke na kitenganishi, wakaacha tangi kwa baadaye. Mafuta ya mwanzo hayakutupwa. Yalisukwasukwa na maji yenye asidi ya sitriki, ambayo hushika chembe za chuma na kutoka nazo, na rangi ikarudi kuwa ya kahawia iliyopauka. Madumu laini ya plastiki nayo yaliachwa, kwa kuwa mafuta haya hulainisha baadhi ya plastiki na mpira. Mafuta yakahifadhiwa katika vyombo vya kioo na vya alumini, vilivyojazwa hadi shingoni na kuwekwa gizani.

Uamuzi wa nne ulihusu upangaji wa majani ndani ya tangi. Majani mapana yaliyoshindiliwa yalilaliana kama makuti juu ya paa, na kwa kuwa makuti hupangwa hivyo ili yazuie maji kupenya, si ajabu kwamba mvuke nao ulishindwa kupenya, ukatafuta njia pembeni mwa tangi na kupita bila kugusa sehemu kubwa ya mzigo. Kikundi kilianza kuyavunjavunja majani kwa mikono na kuweka nyavu za kati kila baada ya kina kifupi. Kila mkeneko ukabeba majani machache kuliko mwanzo, na ukatoa mafuta mengi kuliko mwanzo.

Uamuzi uliokuwa mgumu kuliko yote ulihusu malipo, nao ulijadiliwa katika mikutano kadhaa. Bei ya kilo ilikuwa imewafundisha watu kuleta uzito, na maji, mchanga na matawi mabichi ni uzito. Pendekezo la kwanza lilikuwa kulipa kwa mafuta: majani ya kila mtu yakenekwe peke yake na alipwe kwa kilichotoka. Lilikuwa pendekezo la haki kwenye karatasi, lakini lingewaumiza wale wanawake wasio na miti, ambao huokota leo ili wanunue chakula leo, na ambao mzigo wao ni mdogo kiasi kwamba hauwezi kujaza tangi. Hatimaye walikubaliana kwamba majani yapokelewe kwa gunia la kipimo kimoja, yamwagwe turubai, yachekechwe, na jani likunjwe mbele ya mwenyewe: likivunjika linapokelewa, likikunjika linarudishwa kuanikwa. Sehemu ya malipo ikawa papo hapo, na nyingine ikagawanywa kwa wote walioleta wiki hiyo baada ya mafuta kupimwa. Matawi yalipigwa marufuku kabisa, na gunia lililokutwa na makonyo lilirudishwa lote.

Kikundi pia kilikataa jambo moja, na kwa maoni ya mwandishi huu ni miongoni mwa maamuzi yake bora. Mnunuzi alidokeza kwamba yujenoli iliyosafishwa ina bei ya juu kuliko mafuta ghafi. Njia yake inajulikana: mafuta huchanganywa na soda kali, yujenoli huyeyukia humo, kariofilini huelea na kuondolewa, kisha asidi hutiwa ili yujenoli ijitenge tena. Kazi hiyo huacha maji machafu yenye chumvi na mabaki ya kemikali, na banda lilikuwa juu ya mteremko unaoelekea kisima. Kikundi hakikuwa na mahali salama pa kuyapeleka maji hayo, kikasema hapana.

Kanuni hiyo hiyo ya kemia, hata hivyo, ilitumika kwa kipimo kidogo. Mshauri aliwafundisha wanachama wawili kupima kiwango cha yujenoli kwa chupa maalumu yenye shingo nyembamba iliyowekewa alama. Mililita 10 za mafuta hutikiswa na maji ya soda kali, yujenoli huingia ndani ya maji hayo, na mafuta yaliyosalia hupandishwa shingoni na kusomwa. Kipimo hiki hakishindani na cha maabara, lakini kinamtosha mtu anayetaka kujua, kabla ya kusafirisha, kama atakubaliwa au atarudishwa. Glavu na miwani vilinunuliwa kabla ya soda.

Matokeo

Baada ya mabadiliko hayo mavuno ya mafuta yaliingia katika kiwango kinachotarajiwa kwa majani makavu, ingawa upande wa chini wa kiwango hicho. Mnunuzi alipokea shehena iliyofuata kama mafuta ghafi, kwa bei ya chini kuliko ile iliyokuwa kwenye mpango wa biashara, kwa sababu rangi bado ilikuwa nyeusi kuliko anavyopenda. Tangi la chuma lilikuwa lingali kazini. Kikundi kililipa deni la kitenganishi. Mapato ya waokotaji yalikuwa madogo lakini yalifika katika miezi ambayo hapo kabla hayakuwepo kabisa, na kwa familia zisizo na mikarafuu hilo lilikuwa na uzito wake.

Upande wa ardhi, matokeo yalikuwa ya mchanganyiko. Jani lililokuwa halina mwenyewe lilipopata bei, likapata mwenyewe. Baadhi ya wenye mashamba waliwakataza waokotaji kuingia, wengine wakadai fungu, na sheha alilazimika kuketi nao zaidi ya mara moja. Makubaliano yaliyofikiwa yalisema kwamba mwokotaji anaingia kwa idhini, anaacha majani chini ya kila mti kwa kiasi kinachofunika udongo, na kikundi kinarudisha kwenye shamba husika majani yaliyokwisha kukenekwa. Makubaliano yaliheshimiwa vizuri kwenye mashamba yaliyo karibu na banda. Kwenye ya mbali, majani yaliyokenekwa hayakurudi, kwa sababu ni mazito yakiwa na maji na hakuna aliyelipwa kuyabeba.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni hatua ya mshauri ya kufuata hasara kabla ya kutafuta mavuno. Wanachama walipoona mafuta machache walidhani chanzo ni kidogo, na dhana hiyo iliwasukuma kuongeza kila kitu: moto, muda, majani, kuni. Kila nyongeza ilizidisha hasara, kwa kuwa moto mkali uliharakisha mtiririko na kushindilia majani kukazuia mvuke. Mtu anayekeneka jani lolote, liwe la mkarafuu, la mchaichai au la mkaratusi, anaweza kupata mengi kwa kuyaweka maji anayoyamwaga ndani ya chupa ya kioo na kuyatazama kesho yake, kabla hajafikiria kununua mtambo mkubwa zaidi. Anapaswa pia kuujua uzito wa mafuta yake kabla ya kununua kitenganishi cha mtu mwingine.

Kosa la bei ya kilo linastahili kuangaliwa bila kuwalaumu waokotaji. Walifanya kile ambacho bei iliwaambia wafanye. Tawi bichi lililokatwa ni hasara ya aina mbili: jani bichi hubeba maji mengi ambayo kuni inayachemsha bure, na tawi lililokatwa ni maua yasiyotoka msimu ujao. Kwa bei ya karafuu ilivyo, shilingi iliyopatikana kwenye majani ya tawi hilo haiwezi kulipia karafuu zilizopotea, na anayepata si yule anayepoteza. Kwa hiyo ukaguzi wa kukunja jani, ambao hauhitaji chombo chochote, ulifanya kazi kubwa kuliko mizani. Kasoro yake ni kwamba unategemea uadilifu wa mpokeaji mmoja. Kikundi kilipaswa kuwazungusha wapokeaji tangu mwanzo, na hakikufanya hivyo mpaka malalamiko ya upendeleo yalipotokea.

Jambo ambalo halikufikiriwa vya kutosha ni udongo. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, masika yake ni mazito, na majani yaliyo chini ya mkarafuu huvunja nguvu ya matone, huweka unyevu wa mizizi wakati wa kiangazi na hurudisha rutuba. Ni vizuri kusema kwamba jani ni taka katika pendekezo la mradi, kwa sababu neno hilo hufungua milango ya ufadhili. Shambani, hata hivyo, jani lile lilikuwa tayari na kazi. Kukeneka huondoa mafuta tu, na sehemu kubwa ya madini na nyuzi za jani hubaki. Kwa sababu hiyo kurudisha majani yaliyokenekwa kunaweza kuziba sehemu kubwa ya pengo, mradi yarudishwe kweli. Baadhi ya wanachama walipendelea kuyakausha na kuyachoma badala ya kuni, na hoja yao haikuwa dhaifu, kwani kukata miti ili kupata mafuta ya majani ni kubadilisha uharibifu mmoja kwa mwingine. Kikundi kilichagua makumbi na vifuu vya nazi kuwa kuni, na majani yarudi shambani. Uchaguzi huo ulikuwa sahihi, lakini uliachwa bila bajeti. Gharama ya kuyabeba majani kurudi ilipaswa kuingizwa kwenye bei ya mafuta tangu hesabu ya kwanza, kama ilivyoingizwa gharama ya kuyaleta.

Kuhusu tangi la chuma, maoni yanaweza kutofautiana. Mwandishi anaona kwamba fedha zilizotangulizwa kwenye kitenganishi ziliwekwa mahali pake, kwa sababu kitenganishi kilirudisha mafuta yaliyokuwa yakimwagwa, na mafuta hayo ndiyo yaliyolipa. Lakini kila shehena inayouzwa kwa bei ya rangi nyeusi inalipia tangi jipya kidogo kidogo bila kulipata, na kwa hiyo ununuzi wake haufai kuahirishwa kupita msimu ujao. Kabla ya msimu huo kikundi kimepanga kutenga miti michache ambayo majani yake hayataokotwa kabisa, ili mavuno yake ya karafuu yalinganishwe na ya miti inayookotwa, na hesabu hiyo itawekwa na wenye mashamba wenyewe pamoja na ofisa wa kilimo.